Kidato Kimoja kwenye Ukuta wa Katana

Mwezi uliopita kijana mmoja wa ofisini kwetu Nairobi, mwenye maswali kama mtoto anayeanza kusema, aliegemea meza yangu akaniuliza: "Mama Zuhura, wewe uko kwa hii kazi kitambo. Ni nani bado anatengeneza gemu nzuri? Si moja ya bahati. Yaani kila akitoa ni nzuri, na ni yake mwenyewe, hajaiga." Nilicheka, nikamtajia majina mawili matatu ya wageni ambayo kila mtu huyataja, akayaandika kwenye simu yake akaenda zake. Nilimdanganya. Jibu la swali lile nilijua liko wapi. Liko Malindi, katika chumba cha nyuma ya duka, limeandikwa ukutani kwa makaa, na aliyeliandika nilikuwa sijasema naye kwa miaka ishirini na mitano. Siku nne baadaye simu ikalia, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikasema: "Mimi ni Sidi, mke wa Katana. Katana hatunaye. Tumemzika Jilore jana. Namba yako nimeikuta kwenye karatasi yake, nikaona heri nikwambie." Jana! Hata kumzika sikuwahi. Nilikaa na simu mkononi, na mbele yangu kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa likizunguka gurudumu la rangi saba, la kamari, kazi ya mikono yangu hii hii.

Sitaeleza nilizaliwa na nani wala nililelewa vipi. Hayo yana wenyewe. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na chumba kimoja tu. Kilikuwa nyuma ya duka la Bwana Pravin, Mhindi aliyeuza vipuri vya redio na feni karibu na soko la Malindi. Ukiingia wapita kwanza dukani, baina ya maboksi ya nyaya, wapokewa na harufu ya udi aliouwasha asubuhi kwa ibada yake pamoja na harufu ya risasi ya kuchomea waya, ndipo wasukuma pazia la kitenge na kujikuta katika kiza. Humo mlikuwa na televisheni nne zenye visogo virefu, mabenchi mawili, mashine za gemu zilizofungwa kwa utepe mweusi zisifumuke, na dirisha moja la nondo lililotazama uani, ambako mke wa Bwana Pravin alianika vipande vya embe vya achari. Na joto lake, wacha! Watoto walitoka mle mashati yamewaganda mgongoni. Aliyekiendesha chumba ni Katana, kijana wa Kigiriama wa huko Jilore, mwenye miaka ishirini na mitatu, mrefu, mpole wa maneno na mkaidi ajabu. Mimi nilifika kila siku baada ya sala ya alasiri na sinia la bajia na mahamri ya kuuza. Wasichana hawakuwa wakiingia mle. Mimi niliingia kwa sababu ya sinia, nikabaki kwa sababu ya ukuta.

Ulikuwa ukuta wa mwisho, mkabala na dirisha, umepakwa chokaa, na juu yake Katana ameandika majina kwa makaa. Nilidhani ni majina ya gemu. "La," akaniambia siku niliyouliza. "Majina ya gemu kila mtoto ayajua. Haya ni ya waliozitengeneza." Aliyapata kwa kungojea. Gemu ikichezwa hadi mwisho kabisa, hupita majina mengi kwenye kioo, ya wachoraji, ya wapiga muziki, ya kila aliyetia mkono. Watoto wote hapo huzima. Katana alikuwa haruhusu kuzima. Alikaa kwenye benchi, mikono magotini, akayasoma mpaka la mwisho, nanyi nyote mkae mngoje. Kila jina alilichorea vidato, vile vikato vya kupandia anavyochonga mgema kwenye shina la mnazi, maana alikulia kwenye minazi. Gemu moja nzuri isiyoigwa kwa mtu, kidato kimoja. Lakini mtengenezaji akitoa mbovu, au akitoa ileile ya jana aliyoivika nguo mpya, Katana alilowesha kitambaa akalifuta jina zima na vidato vyake vyote, hata viwe vinane. "Ametia maji," alisema, na habari yake ikaishia hapo.

Bwana Pravin alikuwa akisimama penye pazia na kikombe chake cha chai, akimcheka. "Katana, hawa watoto wataka mpira tu. Wewe umewafuta watu wa mpira. Stima nitalipa kwa hao Wajapani wako wa ukutani?"

"Waache wacheze mpira, Bwana Pravin, sijawakataza. Lakini kila mwaka ni mpira uleule, wamebadilisha jezi. Ukutani haupandi."

"Ukutani, ukutani! Hao wenyewe wajua kama wewe wawafuta?"

"Hawajui," akasema Katana. "Ndiyo maana siwezi kuwaonea wala kuwapendelea."

Kuna jambo lingine ambalo lilinichukua miezi kulielewa. Katana alikuwa hasifu. Hata jina lenye vidato sita hakulisifu kwa mdomo. Ukimwuliza, "Hawa wazuri, sivyo?" atakujibu, "Bado wapo." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: sote twaijua, twaisema tukicheka. Katana hakuwa akicheka. Alisema ameiona kwa macho yake huko kwao, mzee aliyesifiwa harusini mbele ya watu, na kesho yake asubuhi akapita kisimani kwanza. Basi yeye aliogopa kusifu kama wengine wanavyoogopa kulaani. Siku hizi nikiwaona vijana wetu wakipigiana makofi kila Ijumaa kwa kazi ambayo hata mwenye kuifanya aona haya nayo, humkumbuka, na moyo huniuma.

Siku moja aliniona mkono. Nilikuwa nimetoka kumpamba bibi harusi hina, na kiganja changu nimekichora kwa kujaribia. "Nani kakuchora?" akauliza. Nikamwambia mimi mwenyewe. Akanyanyuka, akaniletea daftari la hesabu, lile lenye miraba. "Nichoree bibi kizee amesimama mlangoni. Kila mraba rangi moja. Kwenda juu usipite miraba kumi na sita." Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nilijaza miraba kwa kalamu za rangi pale benchini, kisha tukakaa mbele ya kompyuta kuukuu aliyotupa Bwana Pravin, mimi nikimsomea kama mwanafunzi wa chuoni, "nyeusi, nyeusi, kahawia, nyeupe, nyeusi," naye akibonyeza. Bibi mmoja alitumalizia alasiri nzima. Mke wa Bwana Pravin alitupitishia chai ya tangawizi na chevda ya kutafuna kwenye bakuli la bati, na Katana alikuwa na sima yake ya baridi na mtsunga, mboga chungu za kwao, tukala pamoja sahani moja. Sijapata kula chakula kama kile tena, na si kwamba kilikuwa kitamu.

Gemu tuliiita Sahani. Wazo lilikuwa letu sote wawili, na nalisema hili kwa makusudi. Ni mwezi wa Ramadhani. Msichana atoka kwao na sahani iliyofunikwa kawa, jua lashuka, naye amfikishie jirani futari kabla ya adhana ya magharibi. Jirani hairudishi sahani tupu. Huitia alichonacho, tende, kaimati, ndizi za nazi, nawe yakupasa ujue kitamfaa nani katika nyumba ifuatayo: nani hana meno, nani ana ugonjwa wa sukari, nani amefiwa na hataki vitamu. Na huwezi kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Hapo ndipo Katana alipoweka roho yake. Salamu alizitia zote, kamili, na ukizikatiza mlango hufungwa usifunguliwe tena. Nami nilicheka hadi machozi nilipogundua kwamba bibi zangu wa mjini, na mabuibui yao, alikuwa amewafanya wasalimu kama watu wa Jilore: mvua imenyesha kwenu? Mbuzi wazima? Mahindi yamesimama? "Katana, bibi wa Malindi ana mbuzi gani?" Akafikiri. "Hata kama hana," akasema, "si atapenda kuulizwa?" Tukayaacha vivyo hivyo. Watoto walipoijaribu chumba kilijaa kelele. "Lo! Bibi huyu aniuliza mahindi na adhana yaja!" Lakini waliacha mpira, wakasimama nyuma ya benchi wakimfundisha mwenzao la kujibu.

Nilipomaliza bibi wa tano, yule mwenye mkongojo, aliyeinamisha shingo kidogo upande kama anayetega sikio, nilijua ni mzuri. Walahi nilijua. Nilimsogezea Katana daftari, nikangoja. Alilitazama mpaka chai yake ikapoa. Akasema, "Haya. Mwingine." Nilitoka uani nikalia mbele ya maembe ya watu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sikutaka pesa wala safari, nilitaka neno moja tu kutoka kwa mtu mmoja. Bwana Pravin akanifuata. "Binti yangu," akasema, "huyo ndivyo alivyo. Ukitaka sifa njoo kwangu, mimi nasifu hata feni mbovu." Nikacheka kwa adabu, lakini sifa ya Bwana Pravin siyo niliyoitaka. Nilikuwa nikiutazama ukuta kila nikiingia, nikitafuta jina letu chini ya yale ya wageni. Halikuwapo.

Mwisho wa mwaka mama yake Katana aliugua, Katana akapanda Jilore kwa wiki moja, akaniachia ufunguo. Siku ya tatu akaja dukani bwana mmoja wa Nairobi aliyekuwa likizo, akitafuta betri ya kamera, akasikia kelele za watoto, akachungulia. Alicheza Sahani amesimama. Kisha akanigeukia. "Hii kitu ni kali sana. Wewe ndiye umechora? Unajua wewe ni msanii?" Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Masikio yalinipata moto. Akasema ana kampuni ndogo ya gemu, anataka kuinunua hii, na mimi niende nikafanye kazi kwake. "Lakini hizi salamu zinachosha. Zitoe. Msichana akimbie tu, apige mbio na sahani." Kisha akatoa kalamu. "Niandike ni kazi ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Neno moja. Nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko nilivyoyarudia maneno mengine yoyote maishani mwangu. Kesho yake nilikaa kwenye kompyuta nikazitoa salamu moja moja. Katana mwenyewe ndiye aliyenifunza zilipo. Mvua, mbuzi, mahindi. Bwana Pravin alisimama penye pazia muda mrefu na kikombe chake, na siku ile hakuleta mzaha.

Katana aliporudi alikuwa amekonda. Nilimweleza yote kwa haraka, nikitanguliza habari ya kazi, kwamba bwana yule ataka kunichukua, hata yeye huenda akamchukua. Hakuuliza habari ya kazi. Alikaa akaicheza. Msichana akakimbia, akapita bibi wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Umezitoa salamu," akasema.

"Nimepunguza."

"Umebakisha ngapi?"

"Hujambo."

Akamfikisha msichana mpaka yule bibi wa mkongojo, akamwacha asimame pale. Bibi ameinamisha shingo yake vilevile, ametega sikio, na hakuna wa kumwambia kitu. "Na majina ya mwisho?" akauliza. Akangoja, kama kawaida yake, mpaka majina yakapita, na lilikuwa jina moja. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nina majibu yangu tayari: kwamba hajawahi kunisifu, kwamba mtu haishi kwa kuambiwa "Haya, mwingine." Akaweka kile kishikio cha kuchezea chini polepole. "Nenda, Zuhura," akasema. "Huko watakusifu."

Na wamenisifu. Sahani ilitoka msichana akirusha vyombo kwa majirani kama mawe, ikauzwa kidogo, ikasahaulika. Baada yake nilichora peremende za kupanga safu tatu tatu, kwa kuwa kuna kampuni ya ng'ambo iliyotajirika kwa peremende. Nikachora mashamba kwa kuwa wengine walitajirika kwa mashamba. Miaka hii ya karibuni ni kamari tu, magurudumu na matunda yanayomeremeta. Nina vikombe vya kioo kabatini na cheti kilichotiwa fremu. Sina hata gemu moja ambayo ningetaka mtoto wangu aicheze. Wakati mwingine, foleni ya magari imesimama na mvua ya Nairobi yapiga kioo, husema peke yangu kwa sauti: mvua imenyesha kwenu? Mbuzi wazima? Kisha naona haya.

Nilishuka Malindi mwisho wa wiki. Bwana Pravin alikwisha kufariki zamani, na duka sasa lauza vioo na mifuniko ya simu. Sidi alinipokea penye mlango, mwanamke mfupi mwenye leso nyeusi, nikampa pole, akaitikia imeshapoa. Alinisalimu salamu zote. Aliniuliza safari, nyumbani, watoto, kazi, mvua ya Nairobi, nami nikajibu moja moja. Pazia lilikuwa jingine, televisheni imebaki moja. Harufu ya achari hakuna tena. Alisema mwenye nyumba ataka chumba chake, kesho waja mafundi kupaka chokaa, ndiyo maana alitaka nifike upesi. "Kuna kitu chako," akasema, akasogeza benchi.

Majina ukutani yalikuwa yamebaki manne. Manne tu, kwa miaka yote ile na kwa dunia nzima. Moja ni la mtu na mkewe wa nchi ya baridi huko, wasiotoa kitu ila baada ya miaka sita saba, na hakuna kinachofanana na kingine. Kampuni kubwa zote tulizozijua zimekwisha kufutwa. Ukitazama kwa upande waona madoa yao chini ya chokaa. Kijana wa ofisini, hili ndilo jibu lako. Na chini kabisa, karibu na sakafu, palikuwa na kishimo cha mraba, upana wa daftari. Katana alipaka chokaa chumba kile kila mwaka, tabaka juu ya tabaka, akayaandika majina upya, na kila mwaka alipazunguka pale. Ndani ya kishimo, kwa makaa meusi yaliyokolezwa tena na tena, palikuwa pameandikwa Zuhura. Mbele yake kidato kimoja. Na mbele ya kidato, nafasi tupu ya vingine.

Nilipiga magoti.

"Mimi mambo haya ya gemu siyajui, dada," Sidi alikuwa akisema nyuma yangu. "Aliniambia alikiweka kile kidato mwaka uleule, siku ya yule bibi mwenye mkongojo. Kwa jina lako, maana bibi yule ulimchora peke yako. Alikificha nyuma ya benchi usije ukakiona ukaharibika. Na kila ulipotoa gemu mpya, aliitafuta kwenye simu akaicheza mpaka mwisho wake. Zile za peremende alizicheza mwezi mzima. Kisha hunipa simu, husema, hii si yake, wamemwekea jina tu. Nikimwambia basi mfute, husema mtu hafutwi kwa kazi isiyokuwa yake." Akainama kuniangalia. "Kweli, dada? Hazikuwa zako?"

Ningeweza kuitika. Asingejua, na mwenye kujua yuko Jilore chini ya udongo. Nilimwona Katana kwenye benchi, mikono magotini, akingoja majina yapite kwenye kila upuuzi nilioufanya, akitafuta dalili kwamba si mimi.

"Zilikuwa zangu," nikasema. "Zote."

Nikamwomba kitambaa na maji, akaniletea kwenye kopo. Makaa ya miaka mingi hayatoki upesi. Nililisugua jina langu mpaka maji yakawa meusi na vidole vikanichubuka, na bado pakabaki kivuli. Kidato sikukigusa. Bibi nilimchora mimi, lakini ni yeye, kwa salamu zake, aliyemfanya asikilize. Nikaokota kipande cha makaa kilichokuwa pale chini ya dirisha, nikaandika mbele ya kidato kile jina ambalo kwa miaka yote hakuwahi kuliandika ukutani mwake: Katana. Nikakaa kwenye benchi, mikono magotini, nikalisoma. Sidi akakaa kando yangu. Mafundi wa chokaa walisema watafika saa mbili asubuhi.